Mbuzi Aliyekula Msitu wa Taifa

Kila asubuhi, kabla kengele ya chuo haijalia, Mwatumu alifungua kigeti cha Msitu wa Taifa, akaenda kuchota maji kwenye bomba la nyuma ya maktaba, akarudi kuumwagilia msitu. Akimaliza, aliupangusa vumbi kwa kitambaa cha pamba, jani baada ya jani. Haikuwa kazi nzito. Msitu ulikuwa na mti mmoja.

Ulikuwa mche wa mvule uliomfika magotini, wenye majani machache aliyoyapaka mafuta ya nazi siku za wageni ili yang'ae kwenye picha. Mwatumu aliupenda kama mtu anavyompenda mtoto mgonjwa wa jirani, yaani kwa huruma nyingi na haki kidogo ya kusema lolote.

Asubuhi hiyo alimkuta Shemeji nje ya uzio, amejizungusha kamba kwenye nguzo mpaka shingo imebanwa, analia. Shemeji alikuwa mbuzi wa Bi Chausiku, muuza vitumbua wa getini. Aliitwa hivyo kwa sababu alijileta mwenyewe siku moja ya mvua, akala, akalala, na tangu hapo hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka. Mwatumu hakuweza kumpita mnyama anayelia. Alimfungua kamba, akamkuna kidogo katikati ya pembe, akaenda zake bombani. Kigeti kilikuwa wazi nyuma yake kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na ndoo na mwingine bado ulikuwa na huruma.

Bomba lilikuwa likidondosha kwa kusitasita, kama mzee anayekumbuka jina. Aliporudi na ndoo yake, msitu ulikuwa mdomoni mwa Shemeji.

"Shemeji, hapana," alisema, kwa sauti ambayo hata mbuzi aliona haina haja ya kuitikia.

Shemeji alimeza.

*

Inafaa kueleza msitu wenyewe ulivyopatikana, maana nchi nyingine zimewahi kuuliza na hazikuelewa.

Katika Jamhuri ya Baadaye, kupanda miti ni kazi ya mgeni rasmi. Mwananchi wa kawaida akipanda mti, huo huhesabika kuwa ni mmea tu. Mwaka Taasisi ya Uendelevu, Uwajibikaji na Mabadiliko ya Tabia ilipozinduliwa pale Chuo Kikuu, mkuu wa wilaya alikuja, akavua koti, akashika koleo jipya lenye utepe na kusema, "Naupanda mti huu kwa niaba ya wilaya yangu yote." Wataalamu wa takwimu waliokuwepo, ambao ni watu waaminifu, wakaandika miti sawasawa na idadi ya watu wa wilaya. Aliyefuata alipanda kwa niaba ya mkoa. Wa tatu akapanda kwa niaba ya vizazi ambavyo havijazaliwa, na hapo wataalamu waliomba wapewe muda.

Kila mgeni alitaka kupiga picha mahali pale pale, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri na turubai lilikuwa karibu. Basi mgeni akishaondoka, mche uling'olewa taratibu na kutiwa kwenye kopo la rangi kuukuu hadi mgeni mwingine atakapokuja. Mkurugenzi wa Taasisi, Profesa Lwitiko, alilieleza jambo hilo kwa ufasaha katika mikutano mingi ya nje.

"Mti ukiuacha ardhini, umeutumia mara moja tu," alisema. "Huo ni ubadhirifu. Uendelevu maana yake ni kuutumia tena na tena bila kuumaliza."

Baada ya miaka michache, uwanja wa chuo ulipakwa kijani kibichi kwenye ramani za serikali. Idara ya Hali ya Hewa ikaanza kuutabiria mvua. Idara ya Wanyamapori iliomba kuleta tembo wachache, nayo Taasisi ikajibu kwa masikitiko kwamba kwa sasa msitu umejaa.

Mwatumu ndiye aliyeung'oa mche kila mara. Alikuwa msaidizi wa utafiti, msichana aliyefaulu vizuri na kuandika tasnifu juu ya wajibu wa mtu mmoja katika jamii, na kazi hiyo alipewa kwa sababu vidole vyake vilikuwa laini. Alipoung'oa aliuambia pole. Alijua kwamba mvule unaong'olewa kila baada ya hotuba hauwezi kukua, na kweli, tangu aajiriwe haukuwa umeongezeka hata upana wa kucha. Moyoni alikuwa na sentensi moja aliyoitunga zamani kwa ajili ya kumwambia Profesa. Kila baada ya sherehe alijiahidi kuisema baada ya sherehe inayofuata. Siku walipompima mbele ya wanafunzi kwa Kipimo cha Majuto, mashine iliyobuniwa na Taasisi yenyewe, mshale ulipita alama ya mwisho ukagonga kioo. Wanafunzi walimpigia makofi. Yeye aliomba radhi kwa kuharibu mashine.

*

Profesa Lwitiko alifika uwanjani akiwa na macho mekundu. Wiki hiyo Waziri wa Mambo Yajayo alikuwa anakuja na wafadhili, na safari hii wafadhili hawakutaka kuonyeshwa ramani. Walikuwa wameomba, kwa adabu kabisa, kutembea ndani ya msitu. Ili kupata kisingizio cha kuwazuia, Profesa alikuwa amefikiria ukungu, amefikiria nyuki, amefikiria hata chui, na kila wazo lilikuwa na tatizo lake.

Alimkuta msaidizi wake amepiga magoti kando ya kishimo, na mbuzi amesimama karibu akitafakari.

"Nini hiki?"

"Ni mbuzi, Profesa. Samahani. Mimi ndiye nili..."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa Bi Chausiku. Lakini si kosa lake, kigeti..."

"Ameula?"

"Ndiyo, Profesa."

"Wote?"

"Wote. Lakini mimi ndiye niliye..."

Profesa aliinua mkono kumnyamazisha. Hasira iliyokuwa imeanza kupanda usoni ilisimama njiani, ikageuka, na mahali pake pakaja kitu ambacho Mwatumu hakuwahi kukiona kwa mkurugenzi wake. Ilikuwa furaha. Profesa alimtazama Shemeji kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemdhania amekufa.

"Ameula wote," alirudia polepole. "Msitu wote."

"Profesa, ulikuwa..."

"Mwatumu, mwanangu, usilie. Umeshuhudia tukio kubwa la kisayansi. Mfunge mbuzi vizuri, asijeruhiwe. Na wewe usiongee na mtu mpaka kikao."

Hilo la mwisho lilikuwa agizo rahisi kuliko yote aliyowahi kupewa.

*

Kikao cha dharura kiliitishwa kabla ya chai. Mwatumu aliketi mwisho wa meza, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amejiambia kwamba atasema mambo mawili: kwamba kigeti alikiacha wazi yeye, na kwamba msitu haukuwahi kuwepo. La kwanza lingemfukuzisha kazi. La pili lingemwaibisha kila aliyekuwa mezani, naye hakuwahi kumwaibisha hata kondakta aliyemzidishia nauli.

Daktari Bujiku, mtaalamu wa takwimu, alikuwa na wasiwasi mdogo.

"Profesa, nakubaliana na wazo. Ila watu watauliza tumbo la mbuzi lina ukubwa gani."

"Swali hilo ni la kitivo cha mifugo," alisema Profesa.

"Sawa. Lakini sisi tuwe na kanuni." Daktari Bujiku alifumba macho, akafikiri, akafumbua. "Msitu ulipandwa kwa niaba, si ndiyo? Mti mmoja kwa niaba ya mkoa. Basi kisayansi hakuna kinachozuia jani moja kuliwa kwa niaba ya msitu."

Ukimya uliotanda ulikuwa ule ambao wasomi huutoa kwa nadra sana, pale mwenzao anaposema jambo ambalo kila mmoja angetamani kulisema yeye.

"Shahidi yupo," alisema Profesa akigeuka. "Mwatumu, ulimwona mbuzi akila?"

"Ndiyo, Profesa, ila..."

"Na alipomaliza, ulibaki mti wowote uwanjani?"

"Hapana, ila hata kabla ya..."

"Ushahidi umejitosheleza. Ahsante sana."

"Samahani, kuhusu kigeti..."

"Kigeti ni hoja nzuri. Tutakiundia kamati ndogo."

Mwatumu alirudisha mikono katikati ya magoti. Alijiona ameshajitahidi. Kisha akagundua kwamba chini ya woga wake kulikuwa na kaunafuu kadogo, kaliko kimya kabisa, kwa sababu hakuna aliyeuliza kigeti kiliachwa wazi na nani. Unafuu huo ndio uliomkosesha raha siku zote zilizofuata.

Kabla hawajainuka, kikao kilipitisha azimio la kitaaluma. Tatizo la Jamhuri lilikuwa limepata chanzo. Kwa miaka mingi Taasisi ilikuwa imefundisha kwamba mazingira yanaharibiwa na tabia. Mwananchi akiokota kuni, hiyo ni tabia. Malori yenye kibali yakiuhamisha mlima mzima kwa magogo, hiyo ni shughuli, na Taasisi haikuwa na idhini ya kuchunguza shughuli. Kilichokosekana kilikuwa mwananchi mmoja, mwenye jina na anwani, ambaye tabia yake ingeonekana kwa macho. Sasa alikuwa amepatikana, na alikuwa anakaanga vitumbua getini.

*

Maofisa watatu wa usalama walimwendea Bi Chausiku akiwa ameshika kijiti cha kugeuzia.

"Mama, unamfahamu mbuzi huyu?"

"Namfahamu. Nanyi mnamfahamu, jana tu mlimpa maganda ya ndizi."

"Uko chini ya ulinzi kwa kosa la kula msitu."

"Mimi?"

"Kupitia mbuzi."

Bi Chausiku aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akatazama chuma chake motoni. "Haya. Nisubirini nigeuze hivi, upande wa pili haujaiva."

Walisubiri. Kwa kuwa vilikuwa vimeshaiva na mwenyewe anaondoka, walivila.

Hakupelekwa rumande, maana Taasisi ilikuwa ya kisasa. Alipelekwa Kliniki ya Majuto, chumba chenye mapazia ya buluu na picha ya ngazi ukutani. Ngazi ilikuwa na vipandio vinne: Kukana, Kusitasita, Kujuta, Kuwajibika. Hakuna mwananchi aliyewahi kupanda zaidi ya cha kwanza, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza. Mwatumu aliteuliwa kuwa mshauri wake kwa sababu ya sauti yake ya upole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo karibu. Umekonda! Hawa watu hawakupi hata chai?"

Ndivyo alivyokuwa Bi Chausiku. Mwaka wa kwanza wa Mwatumu chuoni, alipokuwa anaona haya hata kuingia bwalo la chakula kwa sababu ya macho ya watu, ni mama huyu aliyemkalisha nyuma ya meko yake na kumlisha bila kumuuliza maswali.

"Bibi, pole sana kwa yote haya."

"Pole ya nini? Nimelala kitanda kizuri kuliko changu. Ila niambie, msitu gani wanaousema? Nimekaa pale getini tangu nikiwa na meno yangu yote. Sijaona msitu. Nimeona kale kamche kako tu."

"Ndio wenyewe, bibi."

"Kale?" Bi Chausiku alicheka mpaka akashika mbavu. "Na Shemeji yule, anayepaliwa na ganda la ndizi? Mwanangu, waambie hao maprofesa wako waje wanione nikicheka, labda wataniandika kwenye kitabu."

Mwatumu alicheka naye. Kilikuwa kicheko kizuri, na kwa muda mfupi aliamini kwamba mambo yatakwisha yenyewe, kama mambo ya kijinga yanavyopaswa kwisha.

Lakini Profesa Lwitiko naye alikuwa mtafiti mzuri. Alikuja na picha, si ramani. Zilikuwa picha za mafuriko ya mvua zilizopita, maji yaliyotelemka kutoka mlimani na kuingia mtaa wa Bondeni. Alizipanga mezani bila haraka. Katika moja yao kulikuwa na mlango wa buluu umelala kwenye matope.

"Unaujua mlango huu, mama?"

Bi Chausiku aliacha kutabasamu. "Wa mdogo wangu. Wa Mwanahawa."

"Yuko wapi sasa?"

"Si mnajua. Kifua kilimpata baada ya yale maji. Hakuinuka tena."

"Pole sana, mama. Pole sana," alisema Profesa, na huenda alikuwa anamaanisha. "Maji yale yalitelemka kwa sababu gani? Kwa sababu hakuna miti ya kuyazuia. Na miti haipo kwa sababu gani?"

Bi Chausiku alifikiri. "Lakini mafuriko yalikuwa mwaka jana. Shemeji amekula juzi."

"Mama, sayansi haiendi kwa tarehe."

Alirudi kesho yake na kesho kutwa, na mara zote alikuwa mpole. Hakupandisha sauti wala kutisha. Aliuliza tu lile swali la mwisho, miti haipo kwa sababu gani, kisha akaacha picha mezani na kutoka. Mwatumu alibaki kila mara akizipanga picha upande wa nyuma juu, na kila mara alimkuta Bi Chausiku amezigeuza tena.

Siku moja Bi Chausiku aliuliza bila kuinua macho.

"Mwatumu. Wewe umesoma. Kweli Shemeji ameula msitu?"

"Ndivyo walivyoandika, bibi."

"Sikuulizi walivyoandika. Nakuuliza wewe. Wewe huwezi kunidanganya."

Chini ya mlango Mwatumu aliona kivuli cha viatu vya Profesa. Sentensi yake ilikuwa tayari, ilikuwa tayari miaka mingi. Aliipeleka mpaka kwenye ulimi, ikakaa pale, ikawa nzito.

"Ndiyo, bibi," alisema.

Bi Chausiku aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa ameshaihisi. Siku ile hakula. Hakuuliza tena juu ya kukonda kwa mtu. Jioni alisikika akimwomba radhi Mwanahawa, kwa jina, ukutani. Walipomwekea Kipimo cha Majuto, mshale ulipanda kipandio kwa kipandio, na Taasisi nzima ikakumbatiana kwenye korido. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri, tabia ilikuwa imebadilika.

Mwatumu alikwenda chooni, akajifungia, akafungua bomba ili asisikike.

*

Siku ya sherehe, turubai lilisimamishwa mahali pake pa kawaida. Wafadhili walikuja wamevaa viatu vya kutembelea msituni, na walipoelezwa msiba walivua kofia. Shemeji alifungwa karibu na jiko la wapishi akiwa na kitambaa cha rangi za taifa shingoni. Kwa mujibu wa ratiba, alikuwa kielelezo hadi saa sita, na baada ya hapo angekuwa kitoweo.

Waziri wa Mambo Yajayo alizungumza kwa kirefu. Alikuwa na sauti ya mtu anayeamini kwamba hata ukimya ni wake, ameuazimisha tu wengine.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna waliosema hatuna msitu. Leo nawauliza: kama hatukuwa na msitu, mbuzi alikula nini?"

Makofi yalikuwa marefu.

"Serikali yenu ilipanda. Mwananchi mmoja amekula. Lakini Serikali hii haina kinyongo! Mama huyu amepanda ngazi yote ya majuto kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya kukiri hapa mbele yenu, hatutamfunga. Tutampeleka Kambi ya Uwajibikaji, kule juu mlimani, akaurudishe msitu wetu mti kwa mti, na atatelemka atakapomaliza."

Daktari Bujiku, aliyeketi nyuma ya Waziri, alimnong'oneza kwamba kwa hesabu zake mama angemaliza kama angeishi karne kadhaa hivi.

"Tusimkatishe tamaa," Waziri alimjibu, na kipaza sauti kikalisema hilo pia.

Bi Chausiku aliletwa mbele. Alikuwa amevaa khanga zake za sikukuu, zimepigwa pasi na Taasisi. Mikono yake ilitetemeka kiasi cha kushindwa kushika kipaza sauti, hivyo Mwatumu aliagizwa asimame kando na kumshikia. Mlimani huko kulikuwa na baridi na mawe, na hakuna kivuli kwa kuwa shughuli ilikuwa imekwisha kupita. Mwatumu alimtazama shingo ilivyokuwa nyembamba. Alifahamu, bila mtu kumwambia, kwamba mama huyu akipanda mlima ule hatatelemka.

"Sema, mama," alihimiza Profesa kwa upole. "Usiogope."

"Siogopi," alisema Bi Chausiku. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika hadi nyuma. "Mimi ni mtu mzima. Nimekula msitu wenu. Sikujua. Nilidhani ninafuga mbuzi." "Wale wa Bondeni, mnisamehe. Mdogo wangu Mwanahawa, anisamehe huko aliko. Nilimlalia matanga nikalia na watu, kumbe mwenye kosa ni mimi niliyekuwa nimeketi mkekani nikipewa pole."

Watu wa Bondeni waliokuwa wamesimama nyuma ya kamba walitazama chini. Mfadhili mmoja alitoa leso. Profesa Lwitiko alikuwa akiandika kwa kasi.

"Na mwingine wa kumwomba radhi ni huyu," Bi Chausiku aliendelea, akamgeukia Mwatumu, akamshika mkono ule ule ulioshika kipaza sauti. "Binti huyu aliumwagilia ule msitu kila siku asubuhi. Nilimwona. Mvua, jua, yeye na ndoo yake. Nami kwa uzembe wangu nimemharibia kazi, nimemvunja moyo, na wala hajawahi kunisema vibaya. Nisamehe, mwanangu. Niambie tu umenisamehe, ndipo niende zangu."

Kila mtu chini ya turubai alikuwa akisubiri neno moja dogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Mwatumu hakukuwa na mtu wa kumkatiza wala wa kummalizia. Profesa alimwashiria kwa kichwa kumpa moyo. Waziri aliangalia saa, kisha akaangalia jikoni.

Mwatumu aliona mkono wake ukikiondoa kipaza sauti mbele ya mdomo wa Bi Chausiku na kukileta kwenye mdomo wake.

"Sina la kukusamehe, bibi," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vyote vya uwanja, kubwa, ya kukwaruza, isiyo yake. "Nilikudanganya. Kigeti nilikiacha wazi mimi, na mbuzi nilimfungua mimi."

"Mwatumu," alisema Profesa.

"Mti ulikuwa mmoja. Tangu mwanzo. Nimeung'oa mimi mwenyewe kwa mikono hii kila mlipoondoka, nikaurudisha kila mlipokuja. Mlima umekatwa na malori, nyote mmeyaona, yanapita mbele ya dirisha letu tukiwa kwenye semina. Mwanahawa hakuuawa na mbuzi." Akavuta pumzi. "Hakukuwa na msitu, bibi. Twende nyumbani."